Nani Anaketi Katikati? Usuluhishi wa Wanandoa huko West Nile, Zamani na Sasa

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wanapofika kwenye istilahi za sheria na za ustawi wa jamii, ubishi huwa mwingi kuliko tunavyotarajia. Mojawapo ya istilahi zinazoleta ubishi huo ni ile ya kazi ambayo siku hizi hufanywa na makanisa, misikiti, maofisa wa serikali na mashirika yasiyo ya kiserikali katika pembe nyingi za Uganda, yaani kuwafundisha wanandoa walio katika dhiki namna ya kukabiliana na ugomvi wao. Wapo wanaoiita utatuzi wa migogoro, wapo wanaosema udhibiti wa migogoro, wengine usuluhishi, wengine unasihi wa ndoa. Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni majina manne ya kitu kimoja. La hasha. Kila jina limebeba jibu lake kwa swali moja la zamani: mume na mke wanapogombana, ni nani anayestahili kuketi katikati yao, naye anapata nini kwa kuketi hapo?

Katika makala haya tumekusudia kulifuatilia swali hilo kihistoria katika eneo moja tu, West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kuanzia mji wa Arua hadi Koboko na vijiji vyake kama Lurujo. Tumelichagua eneo hili kwa sababu ni miongoni mwa sehemu za Uganda ambako Kiswahili kimesikika kwa muda mrefu zaidi, ingawa kilisikika kwanza kambini na sokoni, na kwa nadra sana jikoni au chumbani. Lugha iliyofika kwa njia hiyo inapoitwa kuja kuzungumza habari za ndoa, yafaa tujue inaingia na mzigo gani.

West Nile iliingia Uganda kwa kuchelewa. Ilikuwa kwanza sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikodishiwa mwaka 1894 kwa muda wa uhai wake. Alipofariki Desemba 1909, Lado ilirudi mikononi mwa utawala wa Sudan mwaka uliofuata, kisha sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mwaka huo A. E. Weatherhead alifungua kituo cha serikali mjini Arua. Mipaka iliyochorwa iliwaacha Wakakwa katika nchi tatu za leo, yaani Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na Walugbara katika Uganda na Kongo. Jambo hili lina uzito wake katika habari tunazozizungumza, kwani mke wa Koboko anaweza kuwa na wajomba ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe wa mahari hawajawahi kuombwa pasipoti.

Kuhusu maisha ya Walugbara kabla ya mabadiliko ya karne ya 20, shahidi tunayemtegemea zaidi ni John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwao kuanzia mwaka 1949 na kuchapisha kitabu chake Lugbara Religion mwaka 1960. Middleton alikuta jamii isiyokuwa na machifu wa asili wenye amri juu ya watu wote. Mamlaka yalikuwa kwa mzee wa kila ukoo mdogo, ambaye ndiye aliyetunza mahali pa kutambikia mizimu ya wahenga. Watu wa ukoo wakigombana, wakivunjiana heshima au wakipigana, mzee alihuzunika na kukasirika moyoni, na wahenga waliweza kulipiza kwa kumletea mmoja wao ugonjwa. Ndipo ramli ikapigwa kujua chanzo. Mgonjwa akishapona, mnyama alichinjwa, ndugu wakakusanyika, ugomvi uliojificha ukatajwa mbele ya wote, wazee wakabariki na nyama ikagawanywa.

Tukiutazama utaratibu huu kwa macho ya leo, tunaona mambo mawili. Kwanza, ugonjwa ndio uliokuwa wito wa kikao. Hakuna aliyelazimika kwenda kwa mwenzake kusema kwamba nyumba yake inawaka moto, kwa kuwa homa ya mtoto ilitosha kusema. Pili, walioketi hawakuwa mume na mke peke yao. Ndoa ilikuwa mkataba wa koo mbili, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya binti mara nyingi walikwishatumika kumwolea kaka yake. Kwa hiyo, baba wa mke alipokaa kusikiliza malalamiko ya binti yake, alikuwa anasikiliza huku akihesabu. Binti akiondoka kabisa, ng'ombe hudaiwa, na ng'ombe wenyewe wako kwa watu wengine. Wazee walikuwa wasuluhishi hodari, hatuna shaka, lakini hawakuwa wasuluhishi wasio na maslahi. Na hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo, maana suluhu na maslahi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu.

Katika Kilugbara kuna neno e'yo, ambalo ni neno, ni jambo, na ni tatizo pia. Kiswahili kina ndugu yake wa kimaana, yaani shauri. Mtu ana shauri mahakamani, mtu hutoa shauri, watu huketi katika shauri. Maofisa wa Kiingereza kotekote katika Afrika Mashariki walilichukua neno hili jinsi lilivyo na kuliandika katika daftari zao kila walipokuwa na kesi ya kusikiliza. Walichukua vilevile neno baraza, ambalo asili yake ni kibao cha mbele ya nyumba za pwani wanapokaa watu kuzungumza, nalo likawa jina la mkutano ambao ofisa ameketi kivulini na raia wamesimama juani. Maneno haya yalipata cheo kipya, lakini yalipoteza kitu. Shauri la mume na mke lilipopelekwa mbele ya mahakama za wenyeji zilizowekwa na serikali, swali lilipungua na kubaki moja tu, nalo ni kama ng'ombe warudi au wasirudi, na wangapi. Habari za aliyetukanwa na aliyelala njaa hazikuwa na safu katika daftari.

Sheria zenyewe ziliitazama ndoa ya Mwafrika kwa jicho la pembeni. Uganda ilipata sheria ya ndoa na sheria ya talaka za mtindo wa Kiingereza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mwaka 1906 ikapata sheria ya ndoa na talaka za Waislamu. Ndoa ya kimila ilibaki nje ya uzio. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo iliyoamuliwa nchini Kenya, Jaji Mkuu Hamilton alifika hadi ya kusema kuwa muungano wa kimila haustahili kuitwa ndoa, na kwamba ni aina ya kununua mke. Hukumu hiyo iliutia kivuli mtazamo wa mahakama za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Nchini Uganda, Tume ya Kalema ilichunguza habari za ndoa, talaka na hadhi ya wanawake katikati ya miaka ya 1960, na uandikishaji wa ndoa za kimila ukawekewa sheria mwaka 1973, kwa amri ya serikali ya Idi Amin. Mwaka huohuo serikali hiyo ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Ni sadfa tu, lakini kwa wasomaji wa jarida hili ni sadfa yenye ladha.

Wakati sheria ikijikokota, maisha ya nyumbani yalikuwa yamekwisha kubadilika. Wanaume wa West Nile walikwenda kwa wingi kufanya kazi kusini, katika mashamba ya Buganda na ya miwa, na wengi wakajiunga na jeshi la King's African Rifles. Mume alikaa mbali kwa miezi, pengine miaka. Mke alilima, akalea, akaamua mambo, kisha mume akarudi akiwa na fedha, na Kiswahili cha amri alichojifunza kwa sajenti. Aidha, tumbaku ilipokuwa zao la biashara, fedha ziliingia kwa mkupuo mmoja baada ya miezi ya jasho la watu wote wa nyumba, na aliyezipokea mkononi alikuwa mmoja. Hata leo, anayefanya kazi na familia za wakulima atasikia ugomvi wa msimu wa mauzo kabla ya ugomvi mwingine wowote.

Wamisionari walifika Arua na Ombaci mnamo miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, Waprotestanti wa Africa Inland Mission upande mmoja na mapadri wa Verona upande mwingine. Walileta msuluhishi mpya, yaani kasisi na baraza la kanisa, pamoja na sharti jipya la mke mmoja. Uislamu ulikuwa umetangulia kwa kiasi kupitia Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliotumikia mkoa wa Ikweta chini ya Emin Pasha, ambao baadhi yao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Waislamu walikuwa na utaratibu uliokwisha kuandikwa, maana sura ya nne ya Kurani inaelekeza kwamba ikihofiwa kutengana, achaguliwe hakamu mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Neno hakamu ni ndugu wa hakimu, hukumu, mahakama na hekima. Ni familia nzuri ya maneno ya kumwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ila kuna neno moja la familia nyingine ambalo limetutia wasiwasi kwa muda mrefu, nalo ni mahari. Kwa Mwislamu, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ni mali yake, na akitaka kujivua katika ndoa kwa khului anaweza kuombwa airudishe. Kwa Walugbara na Wakakwa wanaofuata mila, ng'ombe na mbuzi huenda kwa baba wa binti na ndugu zake, na deni la kuwarudisha huwa lao. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, kisheria na kijamii. Kiswahili cha kawaida, hata hivyo, huviita vyote viwili mahari. Mkufunzi anayesimama mbele ya wanandoa wa Koboko, ambako Waislamu na Wakristo huishi mlango kwa mlango, akasema tuzungumze habari za mahari, amewaambia watu wa benchi la kushoto jambo moja na wa benchi la kulia jambo jingine. Naye asipojua, atashangaa kwa nini ugomvi umeongezeka badala ya kupungua.

Vita viliuvunja utaratibu wote huu katika kipindi kifupi. Serikali ya Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, iliangushwa Aprili 1979. Mwaka uliofuata jeshi jipya lilianza kulipiza kisasi juu ya raia wa West Nile, na watu kwa malaki wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Wakimbizi walirejea polepole katika miaka ya 1980, na mapigano ya makundi ya waasi hayakwisha kabisa hadi makubaliano ya amani na kundi la UNRF II ya Desemba 2002.

Ni rahisi kuhesabu nyumba zilizochomwa. Ni vigumu zaidi kueleza lililotokea ndani ya ndoa. Ng'ombe waliporwa au walikufa, na wasipokuwepo ng'ombe, kijana na msichana huanza kuishi pamoja bila koo zao kukaa. Wazee walitawanyika, wengine wakazikwa ugenini. Mume alikuwa upande mmoja wa mpaka, mke upande mwingine, kila mmoja akijifunza kuishi peke yake. Waliporudi, walikuta kibanda kimejengwa upya lakini kile kikao cha wazee hakipo, au kipo bila ya mamlaka yake ya zamani, kwa sababu hakuna ng'ombe waliofunga fundo. Baadaye eneo lenyewe likawa mwenyeji wa wakimbizi. Wakongo walipokelewa Lobule wilayani Koboko, na maelfu kwa maelfu ya Wasudan Kusini wakaingia Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, hasa tangu 2016. Dhiki ya ndoa iliyovukishwa mpaka ni jambo ambalo wenyeji wa West Nile walilijua kabla ya wageni wao kufika.

Hapa inafaa tuipishe historia ya mbali kidogo, maana inafanana na hii kuliko inavyodhaniwa. Huko Marekani, Paul Popenoe alifungua taasisi ya ushauri wa ndoa mjini Los Angeles mwaka 1930. Uingereza ilianzisha baraza la kuongoza ndoa mwaka 1938, likiwatumia watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Kilichoipa nguvu kazi hiyo ni vita. Waume waliokaa miaka mingi jeshini walirudi kwa wake waliokwisha kuzoea kuendesha nyumba, na mwaka 1947 talaka za England na Wales zilifikia takriban 60,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kule. Serikali ikaamua kuyafadhili mafunzo. Wakatoliki nao walianza semina za wikiendi kwa wanandoa mjini Barcelona mwaka 1962 kwa juhudi za Padri Gabriel Calvo, na mwaka 1977 huko Quebec ikazaliwa Retrouvaille, iliyokusudiwa hasa kwa ndoa zilizo hatarini kuvunjika. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa mafunzo haya ni hekima ya kale ya Wazungu. Ni umri wa babu zetu, nayo yalitokana na misukosuko ileile ya kutengana na kurudiana.

Kitaalamu, aliyeathiri zaidi miongozo inayotumika leo ni John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, ambaye tangu miaka ya 1980 aliwarekodi wanandoa wakibishana na kuwafuatilia kwa miaka. Alitaja tabia nne zinazobomoa, ambazo ni kulaumu utu wa mwenzio, kumdharau, kujitetea kila unapoguswa, na kununa hadi mazungumzo yafe. Anadai pia kuwa asilimia 69 hivi ya mambo yanayowagombanisha wanandoa hayaishi kamwe. Ndiyo maana tunaona udhibiti ni tafsiri nzuri kuliko utatuzi. Kutatua ni kufungua fundo likaisha. Kudhibiti ni kukubali kwamba kamba itakuwa na fundo, lakini isimkabe mtu.

Zoezi lenyewe ni la kawaida mno. Mke husema kwa dakika chache, mume haruhusiwi kujibu hadi ayarudie aliyoyasikia na mke akubali kuwa ndivyo alivyosema. Kisha hubadilishana. Huambiwa waache sentensi zinazoanza na wewe kila siku, waseme mimi nimeumia jambo fulani lilipotokea. Huandika pamoja mapato na matumizi ya nyumba, na hapo ndipo fedha za mazao hutoka mfukoni. Huorodhesha kazi za siku nzima, za mume na za mke, kuanzia jogoo la kwanza. Hukubaliana ishara ya kusimamisha ugomvi unapopanda, na saa ya kuurudia. Katika hayo yote, lililo geni zaidi, kwa maoni yetu, ni mahali pa mume. Kule kwa wazee, koo ndizo zilizosema. Pwani, aliyefundishwa habari za ndoa alikuwa zaidi mwari, naye alifundishwa na somo au kungwi wake. Utendi wa Mwana Kupona, wa mnamo 1858, ni wasia wa mama kwa binti, na hatuna utendi mashuhuri kama huo wa baba akimfunza mwanawe wa kiume jinsi ya kukaa na mke. Mume kuketi kwenye benchi la wanafunzi, bega kwa bega na mkewe, ni jambo jipya kwetu sote.

Je, mafunzo hayo yanafaa kitu? Ushahidi bora tulio nao unatoka Uganda yenyewe, ingawa si West Nile. Shirika la Raising Voices la Kampala lilibuni mpango wa kuhamasisha jamii na kuupa jina la Kiswahili, SASA! Utafiti uliofanywa katika jumuiya 8 za Kampala kati ya 2007 na 2012, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba mahali ulipofanyika mpango huo, wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kulingana na mahali usipofanyika. Mwingine ulifanyika magharibi mwa Uganda kwa wenzi 1,680, ambao walifunzwa na viongozi wao wa dini namna ya kugawana mamlaka nyumbani. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha ukatili ukipungua kwa pointi 5 za asilimia. Si nyingi, lakini mkufunzi hakuwa mgeni aliyetoka mjini na gari. Alikuwa mchungaji au padri wa palepale, anayejulikana, na asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja wa kurudisha. Pengine hapo ndipo penye siri. Mzee wa ukoo alijulikana lakini alikuwa na deni, na mtaalamu wa mradi hana deni lakini fedha za mradi zikiisha haonekani tena.

Sheria nayo imeendelea kumtafuta mtu wa katikati. Kamati za upinzani, ambazo sasa ni mabaraza ya mitaa, zilipewa mamlaka ya kusikiliza kesi ndogo na za kimila mnamo 1988, na sheria ya mahakama hizo ikatungwa upya mwaka 2006. Katiba ya 1995 iliwapa mume na mke haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na inapovunjika. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya talaka vilivyomruhusu mume kudai talaka kwa uzinzi pekee huku mke akitakiwa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake. Sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa mwaka 2010. Kisha tarehe 6 Agosti 2015, katika shauri lililoletwa na shirika la Mifumi la Tororo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Kwa ufupi, baba anaposikiliza malalamiko ya binti yake leo, sheria imemwondolea hesabu za ng'ombe kichwani. Ikiwa amesikia hukumu hiyo, na kwa lugha gani, ni suala jingine. Na Mwislamu aliyeisikia redioni, akaambiwa tu kwamba kurudisha mahari ni kosa, anaweza kudhani khului imefutwa. Tumekwisha kueleza sababu yake.

Majirani zetu wa Tanzania walichukua njia nyingine mapema. Sheria yao ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, nayo iliweka mabaraza hayo katika kila kata. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Ni mwaka 1971, tukumbuke, miaka 39 kabla ya sheria ya Uganda. Tunavitaja vyote viwili pamoja kwa makusudi. Usuluhishi usiokuwa na kifungu cha 66 pembeni yake unaweza kuwa mtego. Mke aliyepigwa akiketishwa karibu na aliyempiga na kuambiwa aseme yaliyo moyoni, atasema yale yatakayomfikisha nyumbani salama jioni ile. Wakufunzi makini huwasikiliza kwanza kila mmoja peke yake, na palipo na kipigo hawafanyi kikao cha pamoja, bali humwelekeza mlalamikaji kwa polisi, hospitali na mahakama.

Hapa ndipo tunapowaomba walimu wa sarufi watusogelee. Kiswahili kina kauli ya kutendana, nasi hupenda kuifundisha kwa mifano ya kupendana na kusaidiana. Lakini itazameni katika maandishi ya kikao. Karani anaandika kwamba wanandoa hawa hupigana mara kwa mara. Sentensi ni sahihi kabisa, haina kosa la upatanisho wala la tahajia, nayo imeficha kwamba mmoja ana mkono uliovunjika na mwingine hana hata mkwaruzo. Anampiga imekuwa wanapigana. Anamtukana imekuwa wanatukanana. Hata methali ya wagombanao ndio wapatanao, inayopendwa sana na wasuluhishi, imejengwa juu ya kauli hiyohiyo na inadhani pande mbili zina nguvu sawa. Kinyume chake ni kitenzi kuoa, ambacho kwa desturi tunamnyima mke kauli ya kutenda na kumwachia kuolewa, ilhali kuoana lipo na linatumika. Mfasiri anayetoka darasani kwetu kwenda kukalimani Arua, ambako mke anasema kwa Kilugbara, mume anajibu kwa Kinubi, mkufunzi ana mwongozo wa Kiingereza na kikao kinapatana juu ya Kiswahili, atachagua kiambishi hicho kimoja mara 20 kwa siku bila ya mtu kumwona.

Jambo la mwisho linahusu sauti ya lugha yenyewe. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Watu wa West Nile hawakiogopi kama wanavyokiogopa baadhi ya Waganda wa kusini, kwani wengi wao wana baba au babu aliyekuwa askari. Walakini Kiswahili walichokirithi kimejaa toka, lete, nyamaza na haraka. Msamiati wa pole, samahani, nimekuelewa, endelea nakusikiliza, haukupata nafasi kubwa pale kambini. Vitabu vyetu vya kiada vina sura za sokoni, hospitalini na kituo cha basi. Sura ya mume na mke wanaozungumza baada ya ugomvi hatujaiona katika vitabu tunavyovitumia, na tunadhani ni zoezi zuri la mazungumzo kwa mwaka wa pili.

Walimu wenzetu mlioko Arua, Koboko na Yumbe, tunaomba mtuandikie maneno yanayotumika huko kwa Kilugbara, Kikakwa na Kinubi kwa msuluhishi, kwa kikao chenyewe, na hasa kwa ile mali ambayo Kiswahili kinaiita mahari. Tafadhali andikeni neno, matumizi yake katika sentensi moja, na kama linatumiwa na wazee tu au na vijana pia.